Kamba Iliyowatoa Kwenye Moshi

Zamu ya asubuhi bado wanavaa viatu vya mpira kule juu, na Mama Kamba keshashuka. Amekwenda mpaka mwisho wa njia ya dharura ya mgodi wa makaa ya mawe, na sasa anarudi kuelekea nje. Taa ya kofia yake ameizima makusudi. Mkono wa kushoto umeishika kamba iliyofungwa ukutani, usawa wa kiuno, na miguu inafuata taratibu gizani.

Kila baada ya hatua chache mkono unakutana na kipande cha mti kilichotobolewa katikati na kuvishwa kwenye kamba. Kimechongwa mfano wa faneli, chembamba upande mmoja na kinene upande wa pili. Mkono unateleza juu yake, unapita. Unateleza tena, unapita. Halafu unagonga.

Anasimama na kuwasha taa. "Hiki kimegeuka," anasema, huku akikirudisha sawa na kukikaza kwa waya. "Mkono ukiteleza, ujue unatoka nje. Ukigonga, unazidi kuingia ndani. Mtu aliye kwenye moshi hana wa kumuuliza njia."

Ni mwanamke wa makamo, mfupi, mpole wa sauti na mwepesi wa kucheka. Cheo chake ni mkaguzi wa njia za dharura. Jina la Mama Kamba alibandikwa na wachimbaji kwa kumkejeli. Siku hizi wanalitamka kwa adabu, kofia mkononi.

Kazi hakuianzia chini ya ardhi. Kwa miaka mingi alikuwa juu, kwenye meza ya kuchambulia, akitenga mawe na makaa huku vumbi likimwingia mpaka kwenye kope. Mchimbaji alikuwa mumewe.

Kisha mkanda unaosafirisha makaa ukashika moto kule chini. Mumewe na rafiki yake walikimbia pamoja katika moshi mzito, wakapotezana penye njia panda. Mume alishika kulia, akaokotwa karibu na mlango akiwa hajitambui. Rafiki alishika kushoto. Huyo alitolewa kesho yake, amefunikwa shuka.

"Macho nilikuwa nayo, na taa ilikuwa inawaka, lakini hata kiganja changu sikukiona," anasema mumewe, aliyekaa kwenye benchi lake la useremala nyuma ya nyumba. Anasema kidogo, anapumzika, anaendelea. Mapafu yake hayajarudi kama zamani. "Mwenzangu alikuwa anaujua mgodi kuliko mimi. Mimi nilibahatisha tu."

Alilala kitandani miezi, na kila usiku neno lake lilikuwa lile lile: laiti wangekuwa na kitu cha kushika.

"Nilimsikia mpaka nikachoka," anakumbuka Mama Kamba. "Nikamuuliza, kitu gani hicho, baba watoto? Akasema chochote, hata kamba ya kuanikia nguo. Asubuhi yake sikwenda kwenye meza. Nilikwenda ofisini."

Aliyemkuta ofisini ni mhandisi wa usalama, dada mmoja aliyekuwa mgeni kazini. Hakucheka. Alimvutia kiti, akamweleza kwamba kamba za namna hiyo zipo katika migodi mingine, zina vipande vya kuonyesha uelekeo, na kwamba yeye mwenyewe alikwishaziomba akaambiwa asubiri.

"Basi tukawa wawili tunaosubiri," anasema Mama Kamba. "Na mimi kusubiri sikuwezi. Kila mkuu wa mgodi akitoka ofisini, ananikuta mlangoni. Akienda kula, nipo. Mwishoni akasema, mpeni huyu mama kamba yake nipumue."

Kamba ilitoka, lakini vipande havikutoka. Mumewe akaamka kitandani, akashika randa na patasi, akaanza kuvichonga yeye mwenyewe kutoka kwenye mabaki ya mbao. Mama Kamba akaomba kuhamishiwa chini ili avifunge.

Wachimbaji walimpokea kwa vicheko. Kinara wao alikuwa jamaa mmoja anayeitwa Redio, kwa sababu kinywa chake hakizimwi. "Shemeji, leo hujafua?" alikuwa akimwuliza kila akipita. "Mbona kamba haina nguo?"

Vicheko vilizidi alipoanza kuwafunga vitambaa machoni na kuwataka watembee kwa kushika kamba. Wapo waliochungulia, wapo waliosema magoti yanawauma. Redio alichungulia mara mbili. Mara ya tatu alifungwa vitambaa viwili na kuzungushwa mpaka asijue mbele wala nyuma, akatembea akinung'unika kama mtoto anayeogeshwa.

"Nilikuwa namwonea huruma," anakiri Redio leo. "Nilijua ana machungu ya mumewe. Nikasema acha tumridhishe."

Siku mkanda uliposhika moto kwa mara ya pili, Mama Kamba alikuwa huko huko ndani akikagua kamba, na wachimbaji kumi na tisa walikuwa mbele yake wakikata makaa. Kwanza ilikuja harufu ya mpira unaoungua. Kisha njia kuu ikajaa moshi mweusi, na hapakuwa tena na mahali pa kupita isipokuwa njia ya dharura, ambayo nayo moshi ulikuwa umeanza kuingia.

Kila mmoja alivaa kifaa cha kupumulia kinachoning'inia kiunoni, kile kinachoumwa kwa meno huku pua ikibanwa. Ukikivaa huwezi kuongea. Ukikitoa ili uongee, umeuvuta moshi. Kwa hiyo hapakuwa na amri wala kilio. Mama Kamba alishika kamba kwa mkono mmoja, akamvuta wa karibu amshike mkanda wa suruali, naye akamvuta mwenziwe, hivyo hivyo mpaka wa mwisho. Wa karibu alikuwa Redio.

"Ndiyo siku pekee niliyozimwa," anasema.

Walitembea. Mkono uliteleza, ukapita, ukateleza tena. Taa zilikuwa zinawaka na hazikuonyesha kitu. Kisha kamba ikaisha.

Sehemu ya paa ilikuwa imeanguka na kuikata. Mkononi mwa Mama Kamba palibaki ncha iliyochanika, na mbele yake lundo la mawe.

"Hapo nilisimama," anasema. "Nilijua kamba inaendelea ng'ambo ya lile lundo, lakini nikiiacha hii kuifuata ile, nikaikosa, nimewapoteza watu wote."

Akaikamata mikono ya Redio na kuifumbatisha ile ncha. Akambana vidole mara mbili, maana yake usiachie. Kisha akawapanga wengine mmoja mmoja, mkono kwa mkono, wakapanda juu ya mawe kama mnyororo, yeye akiwa mbele kabisa. Alipapasa ukuta juu, akapapasa chini. Mnyororo ukanyooka mpaka mabega yakauma, na ukuta bado ulikuwa mtupu. Alijinyoosha tena, kifua juu ya jiwe, na vidole vyake vikagusa uzi wa kamba. Akavuta. Kikaja kipande cha mti, na mkono ukateleza juu yake.

Redio aliachia wa mwisho kabisa.

Nje, watu walikuwa wamekusanyika mbele ya mlango. Wa kwanza kuonekana alikuwa Mama Kamba, mweusi tii kwa masizi, akifuatwa na mwanamume mmoja, na mwingine, na mwingine. Mhandisi alikuwa akiwahesabu wachimbaji kwa sauti. Alipofika kumi na tisa, alikaa chini palepale kwenye vumbi akalia.

Mumewe alipita katikati ya watu na fimbo yake. "Umechelewa, mke wangu," alimwambia. "Chai imepoa."

"Kaipashe," alijibu, ndipo akamwegemea.

Jioni ile Redio alisimama mbele ya wachimbaji wote, akamtangazia mkuu wa mgodi kwamba wamegoma kushuka mpaka kamba ifungwe katika kila njia, zamu zote zifanye mazoezi, na paa la njia ya dharura litiwe nguzo za chuma. Mkuu wa mgodi alikubali kabla ya wiki kwisha. Leo mgeni yeyote kazini hapewi taa mpaka atoke mgodini amefungwa macho.

Na sasa mgodi wa ng'ambo ya kilima, usio na kamba hata moja, umetuma watu kumwomba akawafundishe. Ataanza Jumatatu. Wao walipanga kumletea wachimbaji wachache wa kujaribia.

"Nimewaambia nawataka wote, wa juu na wa chini," anasema Mama Kamba, akikunja vitambaa na kuvipanga ndani ya mkoba. "Na wa kwanza kufungwa macho atakuwa mkuu wao."