Nyumba ya Koki Mbili

Kabla maji hayajafika, bomba linakohoa. Linaanza na kikohozi kikavu cha mzee aliyevuta tumbaku, kinafuata kimya, halafu linatoa pumzi ndefu yenye harufu ya kutu na udongo uliolowa. Asiyekulia Same hataelewa harufu ile ilikuwa na thamani gani. Same ni mji wa upepo na vumbi. Milima iko pale nyuma, imejaa mawingu na migomba, unaitazama kama mtoto anayechungulia karamu dirishani, na wewe huku chini ulimi umekauka. Kikohozi hicho mimi nilikisikia kabla ya watu wote, kwa sababu kilikuwa kinatokea uani kwetu, hatua chache kutoka mlango wa jiko. Nilikuwa bado darasa la tatu, lakini watu wazima walikuwa wananiuliza mimi habari za maji. "Namkunda, limekohoa?" Nikiwa na njaa nawajibu sijui. Wakinipa andazi nakumbuka.

Tulifikaje katika nyumba hiyo? Baba alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba la mkonge huko chini. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Madukani vitu vilikuwa vimerudi: sabuni za kunukia, redio za kaseti, mitumba hadi ya makoti ya barafu ambayo vijana wa Same walikuwa wanayavaa mchana wa jua kali ili waonekane. Vitu vilirudi, ila hela za kuvinunulia zilisahau njia. Mkonge haukuwa na bei, shamba likapunguza watu, na Baba akapewa kiinua mgongo chake na kwaheri. Akasema atanunua nyumba mjini haraka, kabla hela hazijaliwa na shemeji zake. Aliyemuuzia alikuwa mzee mmoja mpole, Mzee Elifasi, anayehamia kwa mwanawe Tanga. Kuta zilikuwa zimepakwa chokaa mpya, mabati hayavuji, na uani kulikuwa na banda la kuku zuri kweli, limekaa juu ya sakafu ya saruji. Baba alilisifia banda kuliko nyumba. Mzee Elifasi akamwambia, "Basi hilo nakuachia pamoja na kuku wake," na Baba akarudi akijiona mjanja. Mama hakuwepo siku hiyo. Alikuwa juu milimani, kijijini kwao Mamba, anachimba tangawizi.

Mama ni mtu wa kufagia chini ya vitu. Tulipohamia, asubuhi ya kwanza akataka banda lisogezwe afagie chini yake. Likasogezwa. Chini yake kulikuwa na mfuniko wa chuma mpana kama sinia la pilau. Tulikuwa bado tumeuzunguka, tunausikiliza, maana ulikuwa unakohoa, mara akaingia mtu asiyebisha hodi, amebeba chuma kirefu chenye umbo la herufi T begani. Huyo alikuwa mfungua maji wa mji, mtaani wanamwita Spana.

"Aa, banda limeondoka! Afadhali," alisema. "Yule mzee kila nikija ananiambia kuku anaatamia, nirudi kesho. Mtaa mzima unakaa na kiu kwa ajili ya kuku mmoja."

Akafunua. Ndani ya chemba kulikuwa na koki mbili kubwa kama usukani wa lori. Moja ilikuwa inapeleka maji upande wa juu, kule kanisani, na nyingine upande wa bondeni. Maji ya nusu ya mji yalikuwa yanapita chini ya kuku wetu. Na nyumba yenyewe haikuwa na bomba hata moja. Mama alizunguka kuta zote nne akitafuta, akarudi, akakaa kwenye kizingiti. Penye miti hapana wajenzi.

"Umeuziwa mbuzi kwenye gunia," akamwambia Baba.

Sisi Wapare tunasemwa kwamba tunaweza kuuza ng'ombe ili tuendeshe kesi ya kuku. Na hapa kesi ya kuku ilikuwepo kweli, kuku mwenyewe shahidi. Majirani wakakaa mkao wa kula, wanasubiri Baba amfuate Mzee Elifasi hadi Tanga. Baba hakuenda popote. Alichuchumaa pale kwenye chemba, akaigusa koki moja kama mtu anayempapasa ndama, na uso ukawaka. Ni lazima nieleze hapa, maana mtu wa mjini angemuona amerukwa na akili. Kule milimani maji ya shamba yanakusanywa kwenye ndiva, yaani bwawa la udongo na mawe ambalo mababu walilichimba kwa mikono. Yanafunguliwa kwa zamu, ukoo huu leo, ukoo ule kesho, na anayelinda mlango wa ndiva ni mtu wa heshima. Anapigiwa shikamoo hata na wakubwa zake. Baba alikulia hukohuko Mamba, chini ya ndiva ya ukoo mwingine, akimwagilia zamu ya mwisho. Sasa Mungu amemletea mlango wa maji uani, na kuku juu yake.

Mlinda mlango anataka ufunguo, na ufunguo ukaja wenyewe. Spana alianguka na baiskeli mteremko wa stendi, akavunjika mguu. Akamwachia Baba kile chuma, amfungulie kwa muda. Basi Baba akatundika rimu ya lori kwenye mti wa mwarobaini, kama kengele ya shule, akapanga zamu. Rimu ikilia asubuhi ni watu wa juu, ikilia jioni ni watu wa bondeni. Na kwa kuwa mabomba ya wengi yalikuwa yameoza huko mitaani, wenye ndoo walikuwa wanakuja kukinga palepale kwenye chemba, panapovuja. Ugomvi marufuku. Kuvuka foleni marufuku. Na sheria kubwa kuliko zote, aliyoitoa Mamba kama ilivyo: mlinda mlango anachota mwisho, asije akasemwa.

Hapo ndipo ndoa ilipoanza kukohoa. Tuliishi kwenye chemba ya maji tukala makande yaliyopikwa kwa maji ya tope. Watu wakishachota, sisi tulikuwa tunabakiwa na yale ya chini, mekundu kama chai ya rangi. Foleni ilikuwa inaanzia mlangoni kwetu. Watu walizijua nguo zetu za ndani kwa rangi, maana kamba ya kuanikia ilikuwa juu ya vichwa vyao. Mchicha wa Mama ulikanyagwa ukafa, akapanda tena, ukakanyagwa. Kulikuwa na babu mmoja mstaafu, hana hata kopo, alikuwa anakuja kupanga foleni kwa ajili ya mazungumzo tu. Ikifika zamu yake anampisha mtu, anarudi nyuma kuanza upya. Na Mama Zuhura, mwenye mgahawa upande wa bondeni, mwanamke wa Tanga mwenye mdomo usio na breki, kila jioni alikuwa na swali lilelile.

"Baba Namkunda, hivi wewe umeajiriwa na nani?"

"Sijaajiriwa, mama. Ni wajibu."

"Ee! Na wajibu wenyewe hauna hata koti la kazi?"

Baba anacheka, anazungusha koki. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na Baba alikuwa anasifiwa hata na wanaomcheka.

Siku moja Mama alitoa sufuria zote kubwa, akazitia kwenye gunia, akalifunga kamba, akaliegemeza kwenye mlango wa mbele. Hakupiga kelele. Mama akikasirika anapunguza sauti. "Tangawizi ikimaliza kuchimbwa, lori linaloteremsha mzigo mjini litakuwa linapanda tupu. Kama siku hiyo sina bomba jikoni kwangu, napanda nalo na watoto. Wewe baki na koki zako." Kila tulipotoka tulikuwa tunaliruka lile gunia. Mimi nilikuwa naliruka nikiomba lisipande lori. Mamba kuna bibi, kuna maziwa, kuna ukungu mzuri, lakini hakuna kaseti zinazolia madukani, hakuna mabasi ya Arusha, wala mtu wa kukupa andazi ili umwambie bomba limekohoa. Mjini nilikuwa mtu mkubwa. Na Baba bila Mama nilikuwa namjua: angekula makande hayohayo hadi yaote.

Baba alijaribu kuokoa nyumba kwa njia anayoijua. Chemba ilikuwa imejaa matope, maji yanapungua nguvu. Jumamosi alfajiri akapiga rimu, akatangaza msaragambo. Kwetu milimani msaragambo ukiitwa, kila kaya inatoa mtu na jembe, na asiyetokea anatozwa faini. Kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini mtaa wetu ulikuwa na Wasukuma na Wamakonde waliobaki kutoka mkonge, Wasambaa, Wachaga wa maduka, kila mtu na kwao. Walitoka na ndoo, wakifikiri ni maji. Walipoona majembe wakauliza, "Analipa nani?" Wakarudi kulala. Tukachimba tope sisi wenyewe, Baba, Mama, mimi na mdogo wangu aliyekuwa anatumia kijiko. Jioni rimu ikalia, watu wakaja, wakachota maji safi kweli, wakasifu. Sisi tukachota mwisho.

Nadhani ni kile kijiko cha mdogo wangu kilichomponza Baba; Mama hakukisahau. Jumamosi iliyofuata Mama aliamka kabla yake, akashika nondo, akaipiga rimu mwenyewe. Akachukua jembe, akasimama kwenye chemba, akaanza kuchimba mtaro kuelekea jikoni. Baba akatoka na kaptula.

"Mama Namkunda, unafanya nini?"

"Msaragambo."

"Wa nini?"

"Nikuulize wewe mtu wa ndiva. Asiyekuja msaragambo, anapewa zamu?"

"Hapewi."

"Na aliyekuja?"

Baba akauchukua ufunguo ukutani.

"Hapa walioshinda wamelala ndio wanachota kwanza, na waliochimba ndio wanakunywa tope. Hiyo ni mila ya wapi? Ya kuku?"

Akaendelea kuchimba. Udongo wa Same wakati wa kiangazi ni jiwe lililochoka tu, jembe lilikuwa linatoa cheche. Watu wakaja na ndoo zao kama kawaida, wakakuta mwanamke peke yake anachimba, mume amesimama na ufunguo hajui auweke wapi. Wakasimama kutazama. Kwenye kundi akatokea Mama Zuhura, akaangalia, akasonya, akaondoka. Nikasema moyoni huyo kaenda kututangaza. Akarudi na jembe.

"Sogea," akamwambia Mama. "Siwezi kumtazama mwanamke mwenzangu anachimba kama anamzika mumewe, na mume mwenyewe yuko hapa mzima." Kisha akawageukia wale wenye ndoo. "Nyie! Chai yangu mnakunywa, maji ya chai yanatoka hapa. Atakayesimama bila jembe, leo kwangu hakuna mkopo!"

Waliondoka mbio. Walirudi na majembe, sururu, mmoja na fito. Babu mstaafu akaleta mazungumzo, naye alikuwa na faida, maana alikuwa anahesabu mapigo kama kwaya. Baba aliutupa ufunguo chini akashika sururu, na nilikuwa sijawahi kumuona anachimba kwa aibu kiasi kile. Jua halijafika utosini mtaro ukagusa ukuta wa jiko.

Hapo ndipo alipofika mkubwa wa idara ya maji. Alikuwa amekuja kutafuta ufunguo wa Spana, akakuta ufunguo mchangani na nusu ya mji imeshika silaha. Hakuwa mtu mbaya. Alisema kwa upole kwamba bomba la mtu binafsi haliwezi kutoka moja kwa moja kwenye chemba ya mji. Nikamtazama Mama, akalitazama gunia mlangoni. Nilianza kulia pale pale, kamasi na vumbi.

"Na la watu wote, linaweza?" Mama Zuhura akauliza.

"Kilula cha mtaa, bomba la kuchotea watu wote? Hicho kinaweza. Tatizo ni watu wa kuchimba."

Alipomaliza kusema, akageuka mwenyewe akautazama mtaro. Watu walicheka hadi na yeye akacheka.

Lori la tangawizi lilipita kabla bomba halijafungwa. Lilisimama mbele ya nyumba, dereva akapiga honi. Mama akatoka, akaliangalia gunia, akamwambia dereva, "Wasalimie Mamba." Siku kilula kilipofunguliwa, kikiwa kimeegemea ukuta wa jiko letu, Baba alipiga rimu, akasimama kutangaza nani aanze. Alipogeuka, ndoo ya Mama ilikuwa tayari chini ya koki. "Waliochimba ndio wanaokinga," Mama akasema, sauti ya chini. Baba akakohoa kama bomba. Wa pili alikuwa Mama Zuhura. Jioni ile sufuria zilitoka kwenye gunia.

Siku hizi kila nyumba ina mita yake, bili inaingia kwenye simu, na foleni hakuna. Sitadanganya kwamba zamani ilikuwa tamu. Nilikula tope, nalijua ladha yake, na watoto wangu wanaoga hadi wanaimba. Baba amelala Mamba, chini ya ndiva. Kiangazi kilichopita bomba kubwa lilipasuka pale pale kwenye chemba. Mafundi tukawapigia simu, wakasema wako njiani, na njia ikawa ndefu. Mama, ambaye sasa anatembea na mkongojo, akaniagiza nipige rimu. Nikaipiga. Madirisha yakafunguliwa, yakafungwa. Dereva wa bodaboda akasimama kuuliza kama kuna ajali. Mwishoni akaja Zuhura, binti wa yule mama, anahema, kitenge kiunoni na jembe begani.

"Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Ni bomba."

Akatua jembe, akalitazama. Tukatazamana, tukacheka, kwa sababu tulijua wote wawili kwamba siku hizi majembe ya mtaa yanakutana makaburini tu. "Basi mwaka huu tuanze na bomba," akasema, akakunja kitenge. Tulichimba sisi wawili, yule wa bodaboda akaona haya akaegesha pikipiki. Mafundi walipofika wakakuta pako wazi, kazi yao ikawa kufunga tu. Bomba likakohoa. Nilipoinua kichwa, Mama alikuwa ameshafika na ndoo. Hakuwa amechimba hata tonge la udongo, na hakuna aliyethubutu kumwambia.