Uzi Mwembamba Siku ya Ndafu

Kuna mtu leo kanicheka mbele ya ukoo mzima. Atulie asome.

Gitaa langu la kulaza, lile la pedali, lilikuwa linakata uzi wa tatu kila nikikanyaga pedali kuuvuta. Shemeji yangu Eligi, mpiga besi, akang'ang'ania nifunge mnene. Nikafunga.

Mazoezini ukakatika, paa!

Leo, harusi ya mdogo wangu hapa mtaani Soweto, nikafunga mwembamba, unaopinda kirahisi pedali ikiuvuta.

Eligi akaangua kicheko: "Shemeji, huo si wa kushonea vifungo?"

Ndafu ikaingia, mbuzi mzima wa kubanikwa, majani mdomoni. Nikakanyaga pedali hadi mwisho.

Uzi ukalia weee! Haukukatika. Vigelegele!

Shangazi akasimama: "Mrudisheni huyo mbuzi nje, aingie tena na wimbo huo!"

Akarudishwa kweli.

Eligi, vipi, tukashone vifungo?