Gauni la Mwalimu wa Darasa la Kwanza

Wapo wanawake wenye wivu wa mume, na hao tumewazoea. Fundi cherehani wetu hakuwa wa kundi hilo. Mume wake alikuwa mpakaji rangi wa nyumba, na hata angerudi jioni na alama nyekundu shingoni, mke angeuliza tu kama ni rangi ya maji au ya mafuta, ajue ataitoa na nini. Wivu wake ulikuwa wa aina nyingine kabisa, na ulimwingia mwaka ule binti yao alipoanza darasa la kwanza.

Kabla ya hapo mtoto alikuwa wake, hana mshirika. Aliishi chini ya meza ya kukatia kama paka wa duka, akichambua vifungo kwa rangi na kumtungia mama uzi kwenye sindano, maana macho ya mama yalishaanza kugombana na matundu madogo. Mtaa ulimwita Kibogoyo tangu jino lake la kwanza la mbele lilipong'oka. Namba alijifunza kwenye futi ya mama yake, ile ya kupimia nguo. Alihesabu bila kukwama mpaka sitini, halafu anasema, "Zimeisha." Si futi inaishia sitini? Mama alicheka mpaka machozi, wala hakumrekebisha. Kitu kizuri hivyo unakirekebishaje?

Siku ya kwanza ya shule wazazi waliitwa darasani, wakabanwa kwenye vidawati vya watoto, magoti yamekaribia kidevu. Mwalimu alikuwa binti mwembamba mwenye sauti ndogo, chaki imempata mpaka kwenye nyusi. Aliwaambia wasishtuke. Mtoto atachoka, atalala na viatu. Penseli zitapotea kila wiki na wala mwizi hayupo. Ukimuuliza leo mmefanya nini, atakujibu "hamna". Herufi nyingine ataziandika zimegeukia nyuma. Msimpige, zitageuka zenyewe.

"Na mwezi wa kwanza watalia wao, asubuhi," alimalizia. "Mwezi wa pili mtalia nyinyi."

Wazazi wakacheka. Fundi alicheka kuliko wote. Maskini, hakujua anasomewa hukumu.

Siku za mwanzo Kibogoyo alimganda mama yake getini kama kupe, na mama, tuseme ukweli, alilalamika kwa mdomo huku moyoni anafurahi. Halafu asubuhi moja mtoto akaachia mkono bila kuambiwa, akakimbia ndani, hakugeuka. Mama akabaki getini ameshika hewa.

Kuanzia hapo nyumba ikapata mtawala mpya. Mwalimu kasema kucha zikatwe Ijumaa. Mwalimu kasema tusiongee na chakula mdomoni. Baba, mwalimu kasema anayekatiza mwenzake anyooshe mkono kwanza.

"Mama, mwalimu kasema namba haziishi."

"Kwenye futi yangu zinaisha."

"Basi futi yako fupi."

Jioni mama anauliza, "Leo mmefanya nini?" Mtoto anajibu, "Hamna." Lakini akishabaki peke yake na vifungo vyake, anavipanga mistari kama wanafunzi na kuvifundisha kwa ile sauti ndogo ya mwalimu, na kichwa kakiinamisha upande vilevile. Mama anamsikiliza nyuma ya pazia, roho inamuuma kama mtu aliyemfuma mume wake anampigia simu mwanamke mwingine.

Jino la pili ndilo lililomtonesha zaidi. La kwanza lilitoka mikononi mwa mama mwenyewe, kwa uzi wa dukani. La pili liling'okea darasani. Mwalimu alilifunga kwenye karatasi, akachora juu yake uso unaocheka, na Kibogoyo hakutaka hata mama alishike.

"Utalichafua," alisema.

Barazani, nje ya duka hilohilo, alikuwepo msusi, shoga yake fundi, akisukia watu hapo tangu zamani. Fundi alimtolea dukuduku. "Mimi niliyemzaa, nichafue jino lake?"

"Mwenzangu, umeletewa mke mwenza," msusi akasema, vibanio vimejaa mdomoni. "Tena mdogo. Tena kasoma. Huna chako."

Baba yake Kibogoyo naye hakumhurumia. "We mama, si ulitaka mtoto apende shule? Sasa anapenda, umenuna. Ulitaka amchukie mwalimu?"

"Kidogo tu," fundi akajibu.

Jumamosi moja wamekaa wanakula. Kibogoyo akanyoosha mkono juu kabisa, akamtazama mama yake usoni, akasema, "Mwalimu, naomba chumvi."

Baba alicheka mpaka akapaliwa. Mama alimsogezea mtoto chumvi, kimya. Anayemjua fundi angeogopa hapo, maana fundi huyu akinyamaza, ujue anapima.

Na kama vile shetani ndiye anayepanga ratiba, haikufika katikati ya wiki, mwalimu akaingia dukani na kitambaa cha bluu chenye maua madogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwalimu wetu. Karibu, karibu kiti." Sauti tamu, ungeweza kuikoroga kwenye chai.

"Nataka gauni la kazini. Ila lisinibane, mama. Darasani kutwa nachuchumaa na kuinuka."

"Hilo niachie mimi."

Sketi kweli aliiachia, mwalimu achuchumae apendavyo. Alipofika mgongoni na kwenye mikono, hapo ndipo mambo yalipoharibika. Alizisogelea alama za chaki alizozichora yeye mwenyewe, akazivuka, akashona kwa ndani nguo ipungue, cherehani inanguruma. Hakutaka kumuumiza mtu. Alitaka tu mwanamke yule, japo siku moja, aonekane hajiwezi mbele ya watoto. Kitambaa kilichozidi kilibaki ndani ya mishono, hakukikata. Wivu ndio ulioshona, lakini mkono ulikuwa wa fundi, na mkono wa fundi hauharibu nguo ya mtu.

Siku ya kujaribu, mwalimu alisimama mbele ya kioo, mikono pembeni, akajitazama huku na huku. Lilimkaa, na fundi akaumia kuona lilivyomkaa.

"Linapendeza! Ngoja nione huku mikononi..."

"Usinyanyue, usinyanyue! Kuna pini humo, zitakuchoma."

Mwalimu akatulia kama askari wa gwaride. Alipolichukua, pini hazikuwemo tena, na yeye hakuwa na sababu ya kulijaribu mara ya pili. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako; huyu alifungashiwa na risiti juu.

Fundi akakaa mkao wa kusubiri. Alitegemea mtoto arudi na habari kwamba mwalimu kachekwa. Alichokipata ni Kibogoyo anaingia mbio, begi linagonga milango.

"Mama! Mimi ndiye mkono wa mwalimu!"

"Mkono gani?"

"Mwalimu mkono wake haufiki juu ubaoni. Kaniwekea stuli. Tarehe naandika mimi, na neno la siku naandika mimi, na kufuta nafuta mimi! Wenzangu wote wanataka, mwalimu kanichagua mimi!"

Msusi, aliyekuwa barazani na masikio yake yote, aliacha kusuka. "Haya, shoga," akasema polepole. "Mke mwenza kapata msaidizi."

Fundi akajichoma sindano. Gauni alilolishona limtenge mwalimu na watoto ndilo lililomchukua mtoto wake na kumpandisha kwenye stuli. Sasa Kibogoyo aliamka kabla hajaamshwa, akanawa mikono mara mbili, akamharakisha mama yake njiani. Mbele ya geti hakuachia tu mkono; alikuwa haupokei kabisa.

Zikapita wiki kadhaa za namna hiyo, mpaka shule ikaita wazazi waje kuona watoto wanavyosoma. Fundi alikaa nyuma, kwenye kidawati kilekile. Mwalimu akaingia na gauni la bluu. Alichukua chaki, akanyanyua mkono, na mkono ukafika usawa wa sikio ukagoma, kama mlango uliokutana na kabati. Hakuna aliyecheka. Kibogoyo alikuwa ameshainuka. Akavuta stuli, akapanda, akaandika tarehe, ulimi umetokeza kwenye pengo. Na mwalimu akaweka kiganja mgongoni kwake, asianguke.

Kiganja hicho fundi alikitazama kipindi kizima. Hata kama angeulizwa watoto wamesoma nini, asingejua.

Wazazi walipotawanyika, alimfuata mwalimu kwenye meza yake.

"Mwalimu, gauni linakubana."

"Linanibana, mama, sikufichi. Jioni nalivua kama nakamuliwa."

"Mbona hukulirudisha?"

Mwalimu akacheka kidogo. "Nilitaka. Siku ya kwanza nimelivaa, binti yako akasimama mbele ya darasa, hakuna aliyemwita. Akawaambia wenzake, 'Hili kalishona mama yangu, peke yake, hakusaidiwa na mtu, na uzi niliutunga mimi.' Akawapitisha watoto mmojammoja waje washike pindo. Nikipitisha siku mbili sijalivaa, ananijia mezani: 'Mwalimu, gauni la mama halikupendezi?' Sasa ningelirudishaje? Angelia."

Fundi alitafuta pa kuweka macho, akayaweka kwenye boksi la chaki.

"Niletee leo leo," akasema. "Kitambaa kipo, nilikiacha ndani. Nitafumua."

"Kumbe linaongezeka?" Mwalimu alimtazama, halafu akayashusha macho. "Ndiyo maana uliniambia nisinyanyue mikono."

"Pini," fundi akasema.

"Pini," mwalimu akaitikia, na hakuongeza neno. Huo nao ni ualimu.

Usiku huohuo fundi alifumua mgongo na mikono, akashona upya kwenye alama za chaki, taratibu, na hakudai kitu. Mume wake alimuona anatabasamu na nguo ya adui yake. "Leo wivu umepona?" akamuuliza.

"Nyamaza, nisije nikakushona mdomo."

Ungedhani mambo yameishia hapo, watu wamepatana. Siku ya pili yake Kibogoyo alirudi kutoka shuleni kama mawingu ya mvua. Shuleni kutwa, kama alivyosema mwalimu baadaye, alikuwa mpole, ameitika, ameandika, ameaga vizuri. Alivumilia darasani, akavumilia njiani. Alivuka kizingiti cha duka la mama yake, akatupa begi, akaangua kilio.

"Umeliharibu gauni! Mwalimu kaandika mwenyewe! Kaandika juuu kabisa! Stuli kairudisha stoo!"

"Njoo, mama, njoo hapa."

"Sitaki! Kwa nini umelipanua? Nani kakwambia?" Akampiga mama yake magotini kwa ngumi mbili ndogo, kisha akapanda juu ya magoti hayohayo, akajikunja mapajani mwake na viatu vyake vyenye vumbi, akalia mpaka kwikwi. Alilia stuli, akalia penseli iliyopotea, akalia kwamba mwenzake kamwambia ana mdomo wa bibi kizee. Yote aliyoyajibu "hamna" tangu muhula uanze yakamtoka siku hiyo, moja baada ya jingine, na mama akayapokea anampangusa kamasi kwa kipande cha bitana.

Alitaka kumuonea huruma, na alimuonea. Lakini chini ya huruma kulikuwa na kingine, nacho hakikuwa kizuri sana. Mwalimu kapewa tabasamu, kapewa tarehe, kapewa jino. Kilio hakupewa. Kilio kimeshikiliwa kutwa nzima, kikabebwa mtaa mzima, kikaletwa huku. Fundi alimkumbatia mtoto wake, akawa anafurahi peke yake kama mtu aliyeokota hela.

Kwikwi zikapungua. Kibogoyo akasema kitu kuhusu mwalimu, mama hakukisikia vizuri wala hakuuliza, halafu akalala, mdomo wazi, mate yanashuka kwenye sketi ya mteja iliyokuwa inasubiri pindo.

Msusi akachungulia mlangoni. "Shoga, mwenye sketi kaja. Anauliza iko tayari?"

"Mwambie cherehani imeharibika."

"Imeharibika? Sasa hivi nimeisikia."

"Shoga," fundi akanong'ona, hajasogeza hata kidole, "nimesema imeharibika."