Mfiwa Hachimbi

Mume wangu Sámal ni msomaji wa kanisa. Mchungaji wetu ana vijiji vinne na Jumapili ni moja, kwa hiyo mara nyingi Sámal ndiye anayesimama mbele na kutusomea mahubiri kutoka kwenye kitabu. Haongezi neno lake hata moja. Wanaosinzia anawaacha wasinzie, na mimi mkewe nimo.

Nje ya kanisa ndipo anapoongeza. Alivua samaki baharini mpaka magoti yakamshinda, na tangu arudi nchi kavu hakuna jambo lisilomhusu: bandari, kondoo, bei ya dizeli, watoto wa watu wasiomwamkia. Nyumba yetu inaitwa Króki, na huku mtu hujulikana kwa nyumba yake, basi yeye ni Sámal wa Króki hata redioni. Maana redioni alifika.

Ilikuwa ule mwaka Bunge letu kule Tórshavn, mji mkuu wa visiwa vyetu, lilipobishania sheria ya kukataza watu wasibaguliwe wala kutukanwa kwa sababu mwanamume anapenda mwanamume, au mwanamke anapenda mwanamke. Visiwa vyote viliwaka moto. Walokole wa majumba ya Injili walifunga kula na kuomba ili isipite. Mtangazaji akaja na kinasa sauti kwenye ukumbi wa kijiji, na Sámal hakungoja kuitwa.

"Biblia naijua ilivyosema, na sina ubavu wa kuifuta," alisema. "Lakini hata ukiiweka Biblia kando, sheria hii ni ya nini? Hapa mtu akiumwa tunamlishia kondoo wake. Mtu akifa tunamchimbia kaburi. Hatujawahi kumuuliza maiti alikuwa analala na nani. Bunge lisije kutufundisha ujirani."

Watu walipiga makofi mpaka vikombe vya kahawa vikatikisika. Zakaris, binamu yake na kiongozi wa jumba la Injili, alimkumbatia mbele ya watu wote. Nami nilijivuna, kwa nini nifiche. Niliona amesema kweli tupu.

Wote mle ukumbini tulijua anayezungumziwa. Nyumba iliyo chini ya yetu ni ya Heini. Alizaliwa humo, akaenda Denmark akiwa kijana, akarudi mtu mzima kumuuguza mama yake, na hakurudi peke yake. Alikuja na Torben, Mdenmaki mnene mwenye mikono myeusi ya oili, fundi wa injini. Mama alipofariki, wakabaki. Hakuna aliyesema neno. Injini ikikataa kuwaka tulimwita Torben, na lugha yetu alivyokuwa akiivunja tulicheka hadi machozi, naye akacheka nasi. Majira yale ya baridi alishinda siku nzima tumboni mwa mashua ya Zakaris, akatoka na shukrani na paja la kondoo aliyekaushwa.

Mwezi wa tatu Torben alianguka gatini, katikati ya kazi. Moyo. Walipomfikisha kwa daktari alikuwa ameshakata roho. Heini akasema atamzika hapahapa, karibu na mama yake, Jumamosi.

Kwetu mtu akifa, hakuna anayeombwa kuchimba. Siku moja kabla ya maziko, wanaume wakishakunywa chai ya asubuhi, kila mmoja anachukua beleshi au sururu lake na kupanda makaburini, basi. Mfiwa anakaa nyumbani. Hagusi hata mpini. Kazi yake ni kuchemsha kahawa ya wachimbaji. Kuombwa kungekuwa aibu, na kutokuja sikuwahi kukuona mpaka Ijumaa ile.

Nilikuwa dirishani, naosha sufuria. Sámal alikuwa ameshapanda. Nikamwona amesimama ndani ya ukuta wa makaburi, ameegemea beleshi, upepo unampiga, anaangalia njia. Akangoja. Akangoja tena. Kisha akavua koti na kuanza peke yake.

Nikampigia simu Zakaris.

"Shemeji," nikamwambia, "mwenzako yuko makaburini peke yake kama mchawi."

"Malan, leo nina kondoo."

"Kondoo gani wa mwezi wa tatu? Hawajaanza hata kuzaa."

"Na mgongo nao unanisumbua."

"Chagua kimoja, kondoo au mgongo."

"Yule mtu si wa hapa. Halmashauri wana mashine, waichukue. Na mengine unayajua, siwezi kuyasema kwenye simu."

"Sema tu. Simu haioni haya."

"Nikishika beleshi leo, kesho kule bungeni watasema hata Zakaris amekubali. Basi. Umefurahi?"

"Nimefurahi sana. Wasalimie kondoo."

Nikapiga simu kwingine. Mmoja alikuwa na mashua, mwingine na jino, wa tatu mkewe aliniambia amekwenda Tórshavn, na nyuma yake nikamsikia mume mwenyewe akikohoa. Kijiji kizima kiliugua asubuhi moja. Hasira ilinipanda hadi masikio yakawaka. Nikavaa buti za zamani za Sámal, nikachukua beleshi la pili ghalani, nikatoka.

Mwanamke hachimbi kaburi kwetu. Anapika. Nilipopita, mapazia yalisogea nyumba hadi nyumba, na kila pazia nililiamkia: "Habari za asubuhi." Hakuna pazia lililoitikia.

Shimo lilikuwa limeshamfika Sámal magotini. Akainua kichwa.

"Unataka nini hapa?"

"Nimekuja kuona unavyozeeka."

"Wanawake hawachimbi, Malan."

"Na wanaume? Nionyeshe mmoja."

"Mimi sihesabiki?"

"Kwa mgongo huo wewe ni nusu. Sogea."

Akasogea. Udongo wetu ni mwembamba kama siagi ya mtu bahili, chini yake jiwe. Yeye alipiga mtaimbo, mimi nikatoa vipande. Sámal alikuwa akitazama njia kila alipopumua, na kila alipotazama alikunja uso zaidi. Nilimwonea huruma kuliko nilivyojionea mimi, maana maneno ya redioni yalikuwa yake.

Ndipo nikamwona Heini anapanda. Hakuwa na kofia. Begani alikuwa na beleshi.

Nimeishi na Sámal tangu nikiwa binti. Nimemwona akitolewa baharini nusu maiti. Uso aliokuwa nao alipoliona lile beleshi sijauona kabla wala baadaye. Alitoka shimoni kwa mikono na magoti, akavua kofia, akasimama njiani.

"Heini, mwanangu, rudi nyumbani."

"Nimekaa dirishani tangu saa kumi na mbili, mzee," Heini akasema. "Nimewaona nyinyi tu. Hamtamaliza."

"Tutamaliza."

"Mko wawili."

"Mfiwa hachimbi. Hapa hajawahi kuchimba, na hatachimba leo mimi nikiwa hai. Lete hilo beleshi."

Heini hakuliachia. Walilishika wote wawili, mzee na mtu mzima, kama watoto wanaogombea kitu. Kisha Heini akasema kwa sauti ndogo, "Nimechemsha birika kubwa. Nilidhani mtakuwa wengi."

"Liache jikoni," Sámal akamwambia. "Tutalimaliza lote."

Hapo Heini akaachia mpini na kulia amesimama. Nikamfuta uso kwa skafu yangu yenye tope, nikamchafua zaidi, nikamgeuza na kumsukuma kuelekea kwake. Akaenda.

Tulimaliza jua linazama. Kaburi lilikuwa na kona nzuri kama meza. Tukashuka kwa Heini, tukanywa kahawa yote ya birika lile tukiwa na matope yetu, kikombe baada ya kikombe. Usiku hakuna aliyepata usingizi.

Jumamosi walikuja wote. Kanisa lilijaa, waliimba vizuri, Zakaris kwa sauti kuliko wote. Kuimba hakuumizi mgongo.

Wiki iliyofuata mbunge wetu, mama mmoja mpole mwenye miwani, alikuja ukumbini kusikiliza wananchi kabla ya kura. Zakaris alimkamata Sámal mlangoni.

"Binamu, yale ya redioni. Yaseme tena vilevile. Yule mama ayabebe mpaka Tórshavn."

"Nitasema," Sámal akajibu.

Alisimama. Viganja vyake vilikuwa bado na malengelenge, nami ndiye niliyevifunga kitambaa.

"Biblia nimeiacha ilivyosema," alianza, na wengi wakaitikia kwa kichwa. "Lakini humu ndani nilisema kijiji hiki hakimuulizi maiti alilala na nani. Mkanipigia makofi. Ijumaa mlimuuliza. Kila mmoja alimuuliza kwake, akakaa na jibu lake ndani ya nyumba, mpaka mfiwa akaja makaburini na beleshi. Mmenifanya mwongo mbele ya nchi nzima. Mheshimiwa, andika: Sámal wa Króki alikuwa anaipinga sheria hii, sasa anaitaka. Nilidhani ujirani wetu unatosha. Hautoshi."

Zakaris aliinuka, uso mwekundu.

"Kwa hiyo dhambi si dhambi tena, kisa shimo?"

"La dhambi ataniuliza Mungu, tutaelewana," Sámal akasema. "La shimo naulizwa na Heini kila asubuhi akinipungia mkono dirishani. Huyo sina la kumjibu. Una la kumjibu wewe? Injini yako inawaka?"

Zakaris akaketi.

Sikuwahi kumpenda mume wangu kama nilivyompenda wakati ule, na nilikwisha kumpenda sana. Alikuwa amesimama peke yake katikati ya viti vya watu aliovua nao, aliobatizisha nao watoto, wote wakitazama sakafu, naye hakutafuta mahali pa kukaa.

Mbunge alikuwa anaandika. Akainua macho. "Kuna mwingine mwenye maoni kama haya?"

"Andika mmoja tu, mama," mtu akasema kutoka nyuma, na baadhi wakacheka.

Nikainuka.

"Andika wawili," nikasema. "Malan wa Króki. Mwili wa Torben umelala katika shimo nililochimba mimi."