Kompyuta ya Dakika Saba

Siku ile mjinga alikuwa yeye, na hafichi. "Andika hivyo hivyo," anasema huku akisukuma miwani juu ya pua. "Usinipambe."

Ni saa mbili asubuhi, Jumamosi. Fundi huyu wa programu, ambaye jamaa na majirani wanamwita Viraka, ameinama chini ya meza akibonyeza kitufe cha kompyuta nene iliyopauka. Feni inakohoa, inanyamaza, inakohoa tena. Itachukua dakika saba kuwaka. Viraka anakunja mikono na kuingoja, kama mtu anayemngoja mgonjwa avae viatu.

"Zamani sikuwa na subira hii," anasema. "Ndiyo maana niliumbuka."

Viraka ana miaka arobaini na mitatu na hufundisha kompyuta chuoni. Lakini kazi inayomtoa jasho haimlipi hata senti. Miaka tisa iliyopita alitunga kiendelezi, yaani kiprogramu kidogo kinachochomekwa ndani ya programu ya kuandikia ili kuiongezea uwezo. Cha kwake hugeuza maandishi ya kawaida kuwa nukta nundu, zile ambazo wasioona husoma kwa vidole, kisha huzipeleka kwenye mashine ya kuzichapa.

Watu 640 wanakitumia. Kati yao, 38 bado wako kwenye toleo la zamani, la nne, la programu ya kuandikia. Mmoja wao ni dada wa mkewe, mwalimu katika shule ya wasioona, ambaye naye haoni tangu utotoni.

Si kwamba shemeji huyu anapenda vikuukuu. Mashine ya shule ina waya usioingia kwenye tundu lolote la kompyuta za siku hizi. Unaingia kwenye kompyuta moja tu, kongwe, na mkongwe huyo hapokei toleo jipya la programu hata umbembeleze vipi.

Mwaka jana Viraka aligundua amri mpya inayofanya kwa mstari mmoja kazi ya mistari tisa. Akaipenda, akaiweka, akaijaribu kwenye kompyuta yake mpya, ikakubali. Ile ya chini ya meza, yenye toleo la zamani kama ya shule, hakuiwasha. Nani angoje dakika saba? Na juu ya faili akaacha maneno yake ya siku zote: kinafanya kazi kuanzia toleo la nne.

Kompyuta ya shule ikasoma ahadi hiyo, ikaiamini, ikajiwekea kiendelezi kipya. Ijumaa saa tatu asubuhi simu ikalia.

"Shemeji, mashine imekuwa bubu. Mtihani ni Jumatatu, na watoto ni kumi na tisa."

"Haiwezekani. Huku kwangu inafanya kazi."

"Basi watoto niwalete huko kwako?"

Alikwenda, njia nzima akibishana na nafsi yake. Alipoona mstari mwekundu wa kosa kwenye kioo, ubishi ukamwisha. Toleo la zamani halikuijua ile amri mpya.

"Nilibandika 'karibuni' mlangoni, halafu nikafunga kwa ndani," anasema.

Akairudisha mistari yake tisa. Saa nane mashine ikaanza kutoboa karatasi kwa kelele. Mwalimu akapitisha kidole kwenye ukurasa wa kwanza, akasimama.

"Swali la tatu halina alama ya kuuliza. Hilo nalo ni toleo jipya?"

"Hilo umeandika mwenyewe, shemeji."

"Basi limesamehewa."

Tangu siku hiyo sheria ni moja: hakitoki kitu mpaka kompyuta ya dakika saba ikubali. Sheria hiyo inamla muda wa saa tatu kila Jumamosi, maana karibu kila jambo huliandika mara mbili, la wapya na la wakongwe. Mkewe amechoka kuuliza atatoka lini humo chumbani. Mafundi wenzake wanamcheka.

Ndiyo maana ameandika tangazo, ambalo hajalituma: ifikapo mwisho wa mwaka, toleo la zamani basi. Mpango wake mwingine ni kutafuta kompyuta mbili kuukuu za akiba kabla feni haijakohoa kwa mara ya mwisho. Hajaamua.

Leo shemeji mwenyewe ameketi kiti cha pili, amekuja kujaribu kiendelezi kabla hakijatoka. Viraka anamsomea tangazo, nusu utani, nusu kweli.

"Watu thelathini na wanane tu, shemeji. Wanunue vipya. Dunia haimngoji mtu."

Mwalimu anasikiliza feni.

"Dada yangu ananiambia siku hizi unavaa miwani."

"Ndiyo. Macho yamechoka."

"Na yalipochoka, nani alikwambia ununue mapya?"