Kamba ya Pamba Aliyoisokota Masunga

Siku ya Jumanne, wiki ile wanunuzi walipoanza kupima pamba kijijini kwetu Nkoma, nilimpoteza mdogo wangu Masunga ziwani. Jua lilipozama siku hiyohiyo, miguu yangu ilikuwa haisikii kitu kuanzia kiunoni.

Naitwa Limbu. Shule niliishia darasa la saba. Zamani nilikuwa mzima, nabeba gunia la choroko begani huku napiga soga. Mimi na Masunga tulilima na mama yetu, na shamba likipumzika tulikwenda Busega kwenye vizimba vya samaki. Huko walitakiwa watu wa kuzamia na kukagua nyavu kwa chini. Mwalimu alitufundisha kupumua kwa mtungi wa hewa. Tulikuwa wageni kabisa wa kazi hiyo.

Mwalimu alisema kila mzamiaji awe na boya lake. Ukiwa bado chini unalijaza hewa na kuliachia. Linapanda likivuta kamba, na kamba inafunguka kwenye spuli, yaani kigurudumu kidogo unachokishika mkononi. Mashua zikiliona zinajua chini yake kuna mtu, zinakaa mbali. Kisha wewe unapanda taratibu.

Sisi tulinunua boya moja, kwa kuwa tulizama pamoja. Kamba iliyokuja nalo ilikuwa fupi. Nikasema tutafute ya nailoni. Masunga akacheka.

"Kaka, nailoni ni ya watu wasio na shamba. Sisi pamba tunayo."

Akasokota kamba mwenyewe, nyembamba, ngumu, akaizungusha kwenye spuli vizuri sana. Tuliijaribu nyumbani uani. Ilifunguka bila shida. Tuliijaribu ikiwa kavu.

Siku ile tulimaliza kukagua nyavu, Masunga akalijaza boya, spuli nikiwa nayo mimi. Niliogopa isinidondoke, nikaifunga kwenye jaketi langu la kuzamia. Boya likaondoka. Kamba ilikuwa imelowa na kuvimba, ikabanana kwenye spuli, ikagoma kufunguka. Boya likanibeba kama ndama aliyefungwa shingoni. Nilibana pumzi kwa hofu, jambo ambalo mwalimu alitukataza, maana ukipanda hewa hupanuka na kupasua mapafu. Nikatokea juu nikitema povu la damu.

Masunga alipanda taratibu, kama alivyofundishwa. Akatokea mbali kidogo, kwenye njia ya mashua za chakula cha samaki. Nahodha hakuona alama yoyote majini, mashua ikamgonga. Alama yetu nilikuwa nayo mimi.

Hospitalini nilipewa hewa ya oksijeni. Daktari alikaa kitandani kwangu, akasema wazi: "Hewa iliingia kwenye damu, ikaumiza uti wa mgongo. Unaweza kupona. Lakini siwezi kukuahidi."

Mdogo wangu alizikwa mimi nikiwa nimelala. Nilijikojolea bila kujua, wakaniwekea mpira wa mkojo. Kidonda kilitoka makalioni. Nilikuwa nalia nikigeuzwa, na siyo kwa maumivu, maana maumivu sikuyasikia.

Dada wa mazoezi ya viungo alikuwa mtu wa Tanga, mcheshi. Kila asubuhi alikaa miguuni pangu.

"Limbu, hiki kidole gumba kinanidharau. Kiambie kinisalimie."

"Hakinisikii, dada."

"Basi kitukane."

Mama alikuwepo siku kilipojibu. Alipiga kelele wodi nzima ikageuka. "Kimesogea! Mwacheni, msimguse, kisije kikaona aibu!" Tulicheka, mimi na dada, mara ya kwanza tangu msiba.

Baada ya kidole ukaja mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Mpira wa mkojo ukatolewa. Nilirudi Nkoma na magongo mawili, nikabaki na moja.

Pale nyumbani majirani walikuwa wanasema ziwa lilimtaka Masunga. Wengine walitaja jina la mtu, kwamba ndiye aliyemroga. Mama aliwasikiliza, walipoondoka akaniuliza.

"Wewe ulikuwepo. Ni nini?"

"Ni kamba, mayu. Pamba ikilowa inavimba."

Niliogopa nimemuua mwanawe mara ya pili. Kisha akasema, "Waambie wenzako wanaozamia. Mtu asitajwe bure."

Kwa hiyo nawaambia ninyi mnaoanza kuzamia. Chukua kamba isiyokunywa maji. Iloweke usiku kucha pamoja na spuli yake, halafu uijaribu kwenye maji ya kiunoni, ukiwa na mwenzako. Iwe ndefu kuzidi kina unachokwenda. Spuli ya kawaida isiyo na mkono wa kuzungushia wala vishikio vingi inamfaa anayeanza, kwa sababu hakuna pa kukwama. Ishike kwa vidole, usiifunge mwilini hata kidogo. Ikigoma, iachie. Iache iende, utanunua nyingine. Boya liwe refu, lisimame juu ya maji, la rangi ya chungwa, maana jeupe linafanana na maboya ya nyavu. Na kila mtu awe na lake, hata kama mnazama pamoja, hata kama mmezaliwa tumbo moja.

Masunga hakuwa mjinga. Kamba yake ilikuwa nzuri, ila siyo kwa maji.

Nawashukuru daktari, dada wa mazoezi, na mwalimu wetu aliyekuja kunitazama kila alipopita. Mungu namshukuru pia, ingawa siku nyingine namuuliza maswali.

Wiki iliyopita tulivuna choroko. Mama alikosa kitu cha kufungia gunia. Akaingia ndani, akatoka na ile spuli, iliyorudi nyumbani na jaketi langu. Alikata kamba kipande, akafunga mdomo wa gunia, akavuta kwa meno. Fundo likashika.

"Haya, Limbu," akasema. "Lipeleke ndani."

Nikaliegemeza gongo ukutani. Nikalibeba gunia.