Sweta za Damu ya Mzee

"Mama Patrisi, hivi mtu akilifumia genge sweta, na yeye anafungwa?"

Hamisa wa dukani ndiye aliyemuuliza Dorkasi hivyo, asubuhi moja ya ukungu pale kijijini Rhotia, milimani, huku akipima sukari. Dorkasi akacheka. Halafu akashtuka, maana sweta zenyewe alizifuma yeye. Baridi ya kule juu haimhurumii mwenye pikipiki, naye alikuwa amewafumia madereva sita wa bodaboda, mwanawe Patrisi akiwamo, zote za rangi moja, damu ya mzee.

"Nani kasema genge?"

"Mzee Martini. Kaibiwa maharage magunia mawili, anasema mwizi alivaa sweta ya rangi hiyo. Wote sita wako ofisi ya kijiji, wanangoja gari la polisi."

Dorkasi aliondoka mbiombio, sindano za kufumia zimechomekwa kilembani, midomo ikisali rozari.

Alimkuta mtendaji wa kijiji akimweleza Martini taratibu. "Mzee wangu, genge la uhalifu ni watu waliopatana kutenda uhalifu. Mwanachama ni yule aliyejiunga akijua wanachokifanya. Na adhabu yake si mchezo, ni miaka mingi gerezani. Ushahidi wa mapatano uko wapi?"

"Si huo hapo umekaa kwenye benchi? Sweta moja, genge moja!"

"Shikamoo, baba," Dorkasi akasema, akanyoosha mikono yote miwili kama anayengoja pingu. "Basi nifungeni mimi kwanza. Kama ni sweta, mkuu wa genge ni mimi. Nimefuma zote. Na ya saba anayo Padri."

Mtendaji aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika. Martini alijitahidi kununa, wapi! Jumapili iliyopita yeye mwenyewe aliisifia ile sweta ya Padri mbele ya watu.

"Kumbe na Padri yumo!" Akacheka mpaka kofia ikaanguka. "Mtendaji, andika nalalamikia maharage, sweta zifute. Waachie hawa, tumtafute mwizi kwa tendo lake."

Patrisi alimnyanyua mama yake juu juu, wenzake wakashangilia mpaka barabarani. Martini naye alikuwa amesimama mlangoni, koti lake limechanika kiwiko, anajikunyata. Dorkasi akamsogelea.

"Baba, naomba unikubalie nikupime mabega. Nikufumie na wewe ya rangi hii hii, uivae Jumapili."